Maumivu sugu ya neva na misuli: tiba za taratibu za nyumbani, zinazosaidia na zinazoweza kukuunguza

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kufungua uzi. Kila wiki naona mtu anauliza swali lile lile kwa maneno mengine: "mshipa unanivuta mguuni", "mwili mzima unauma", "miguu inawaka moto usiku, nipake nini?" Nina miaka 7 nikiishi na maumivu ya kiuno na mguu wa kushoto, na mama yangu mzazi ana ya kwake ya nyayo, yaliyoletwa na kisukari. Mimi si daktari. Nitaandika niliyopitia na niliyofundishwa na waliotutibu, tena nitaandika kwa vipande, maana siwezi kukaa kitini zaidi ya dakika 30 mfululizo.

Nianze na neno lenyewe. Sisi kila kitu tunakiita mshipa. Njia ya damu ni mshipa, kano ya kisigino ni mshipa, neva ni mshipa, hata ngiri wengine wanaiita mshipa. Ukimwambia daktari "mshipa unaniuma" hujamwambia kitu. Miaka 2 ya mwanzo nilisema hivyo hivyo, nikapewa vidonge vya kawaida vya maumivu, nikarudi, nikapewa vingine. Mambo yalibadilika siku nilipokutana na mtu aliyeniuliza "yanaumaje?" baada ya kuuliza "wapi?"

Maumivu ya msuli yana uzito. Yanakaza, yanachosha, ukibonyeza unakuta kifundo kigumu na unaruka: hapo hapo! Ukikanda yanalegea kidogo. Maumivu ya neva yanachoma. Yanawaka, yanapiga kama umeme, yanatembea kama sisimizi chini ya ngozi, na mara nyingi yanakuja na ganzi. Kuna watu shuka ikigusa mguu tu wanashtuka. Tena neva ina njia yake haitoki. Siatika, yaani maumivu ya neva kubwa ya mguu, inashuka kutoka kiunoni, inapita takoni, nyuma ya paja, mpaka kwenye mguu, kwa kawaida upande mmoja. Neva ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi inakamata kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na kidole cha mwisho kinabaki salama. Ndiyo maana ni vizuri kuangalia ni vidole gani kabla hujaenda hospitali.

Wengi wetu tuna yote mawili. Neva ikiuma, misuli ya jirani inajikaza kuilinda, inakaa imekaza miezi na miezi, mwisho inauma yenyewe. Kwangu diski ya kiunoni, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, ilitokeza ikagusa neva. Neva ilikuja kutulia, ila misuli ya nyonga ilibaki migumu kana kwamba bado kuna kitu cha kulindwa. Maumivu yakipita miezi 3 ndipo madaktari wanayaita sugu, na hapo hata namna ya kuyatibu inabadilika. Nitafika huko.

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Tuendelee. Joto, kwa sababu ndilo tunalolikimbilia wote.

Kwa msuli uliokaza, joto ni rafiki wa kweli. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, halafu unajinyoosha taratibu msuli ukiwa bado una joto. Hicho kipande cha mwisho wengi tunakiacha. Joto linakufungulia mlango tu, na usipojinyoosha misuli inarudi ilikokuwa ndani ya nusu saa. Usilale na chupa. Ngozi inayopikwa kila siku mahali pamoja inajichora madoa ya kahawia kama wavu, na huwa hayaondoki upesi.

Baridi ni kwa jeraha jipya au sehemu iliyovimba: dakika 10 hadi 15, barafu ikiwa ndani ya kitambaa, kamwe isiguse ngozi moja kwa moja. Kwa maumivu ya miaka, mwili wako ndio utakaochagua. Mimi baridi inanikaza zaidi.

Sasa hili la mama. Jioni moja alikuwa ameketi, miguu yote miwili ndani ya beseni, anazungumza na mimi habari nyingine kabisa. Nikainama kuokota taulo, mkono wangu ukagusa maji. Niliutoa kwa kupiga kelele. Nyayo zake zilikuwa zimeshakuwa nyekundu mpaka juu ya kifundo, na yeye ananitazama kwa mshangao: "Mbona ya vuguvugu tu, mwanangu?" Kesho yake malengelenge 4, moja kubwa kama kiganja cha mtoto. Yalichukua wiki 9 kupona, na tulikuwa na bahati yalipona.

Wakuu, mguu wenye ganzi haujui kupima joto. Mguu huo huo unaweza kuwa unawaka usiku na bado usihisi maji yanayouunguza. Mtu akisikia unawaka anadhani uko hai. Neva inayopiga kelele inaweza kuwa imeshaacha kusikia.

---

Mama Wawili

Mtoa mada umenigusa. Mimi nina kisukari mwaka wa 11. Nyayo zinawaka kuanzia saa 3 usiku mpaka nalia. Niliambiwa niloweke kwenye maji ya moto na ile chumvi ya Epsom, na kweli nikitoa miguu nasikia nafuu kama saa moja. Sasa unaniogopesha. Niache?

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Dada yangu, pole sana. Ndiyo, acha kuloweka mpaka miguu ipimwe. Wanatumia uzi mgumu wa nailoni unaogusa nyayo kwa nguvu ya gramu 10, wewe umefumba macho, unasema "ndiyo" kila ukiusikia. Ni dakika chache, hakuna maumivu. Utajua ni wapi hapasikii.

Kuosha ni lazima kila siku, ila maji yasizidi joto la mwili, nyuzi 37, na apime mtu mwingine asiye na ganzi, au kipimajoto. Kausha katikati ya vidole. Mafuta ya kulainisha yapake juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole, unyevu ukikaa pale fangasi wanafuata. Kila jioni angalia nyayo kwa kioo.

Kuhusu chumvi ya Epsom, hiyo ni magnesiamu salfeti. Hakuna ushahidi imara kwamba inapita kwenye ngozi kiasi cha kutuliza neva. Nafuu uliyoipata ni ya maji na utulivu wa kukaa. Kwa mtu wa misuli, mwenye ngozi inayosikia vizuri, sina neno, aoge aone raha. Kwako wewe, hapana.

Jambo lingine: unatumia metformini, ile dawa ya kisukari? Ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 wenyewe unaunguza nyayo kama kisukari. Omba wapime damu. Usianze kununua vidonge vya vitamini kwa kubahatisha, kwa sababu vile vyenye B6 nyingi, vikinywewa kwa muda mrefu, vinaharibu neva zile zile unazotaka kuziponya.

---

Tiba Mwendo

Nashukuru kwa uzi huu, mtoa mada. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, mwaka wa 14 kazini, naomba niongezee kuhusu mwendo kwa sababu ndiyo tiba inayodharauliwa kuliko zote.

Kosa ninaloliona kila siku ni hili. Mtu anaamka siku nzuri, maumivu yamepungua, anafua nguo zote, anapanga nyumba, anatembea mbali. Kesho na keshokutwa yuko kitandani. Wiki inayofuata anaogopa hata kuinama. Mwezi mzima unaishia hivyo, misuli inazidi kuisha nguvu, na kila mara uwezo unashuka kidogo.

Ninachowafundisha wagonjwa wangu ni kupima kiasi kwa siku mbaya. Ukiwa na maumivu makali unaweza kutembea dakika ngapi bila kuzidisha? Ukisema 5, basi ni 5. Siku mbaya 5, na siku nzuri pia 5, hata kama unajisikia kutembea 40. Ongeza dakika 1 au 2 kila wiki. Hiyo siku nzuri ndiyo ngumu, wanaume hasa wanaona kama nawatania.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasikutishe, mradi yarudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya saa 24. Yakibaki juu kesho yake, kiasi kilikuwa kikubwa, punguza, usiache. Kwa wenye maumivu ya mwili mzima, yale ya faibromayaljia, wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya walipotoa mwongozo wao mwaka 2016 walipitia tiba nyingi, dawa na zisizo dawa. Iliyopewa pendekezo la nguvu ilikuwa moja tu, mazoezi.

Kwa siatika iliyotulia kidogo kuna zoezi la kuitelezesha neva. Keti kwenye kiti kigumu. Nyoosha goti la mguu unaouma huku ukiinua uso kutazama juu. Kunja goti huku ukishusha kidevu kifuani. Unapanda na kushuka bila kushikilia, mara 10, kama mtu anayevuta kamba huku mwenzake akiilegeza upande wa pili. Neva haipendi kuvutwa na kushikiliwa kama msuli. Ganzi ikiongezeka na isipotulia, acha, umwone mtaalamu akuelekeze.

Kwa vifundo vya misuli ya mgongo na nyonga, mpira wa tenisi na ukuta vinatosha. Weka mpira kati ya ukuta na kifundo, egemea mpaka usikie maumivu yanayovumilika, pumua, subiri sekunde 60 hadi 90. Usiuweke juu ya uti wa mgongo wenyewe.

---

Jabali

Naweka kambi hapa.

---

Kalamu Nyekundu

Mimi nilipata mkanda wa jeshi ubavuni. Vipele vilikauka kwa wiki 3, maumivu yakakaa mwaka na nusu. Nilikuwa sivai shati ndani ya nyumba, kitambaa kikigusa naona nyota.

Kilichonisaidia ni krimu ya kapsaisini, yaani ile dawa ya ukali wa pilipili. Nieleze vizuri maana watu wanaijaribu siku 2 wanaitupa. Siku ya kwanza inachoma. Siku ya pili inachoma. Mimi nilipaka mara 4 kwa siku kama ilivyoandikwa, na ilikuwa wiki ya tatu ndipo nilipogundua nimevaa shati asubuhi nzima bila kulikumbuka. Hakuna siku niliyosema "leo imefanya kazi".

Nilivyoelezwa, neva za maumivu zina mlango unaofunguka kwa joto la kuunguza, kuanzia kama nyuzi 43, na kapsaisini inafungua mlango huo huo, ndiyo maana pilipili tunaisikia kama moto wakati haina joto lolote. David Julius wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian, kwa kazi za namna hii. Ukiufungua mlango kila siku, neva inachoka kuitikia.

Masharti: ngozi iwe imepona kabisa, hakuna kidonda. Osha mikono kwa sabuni, na usiguse macho wala sehemu za siri. Usipake ukitoka kuoga maji ya moto, utajuta. Na tafadhali, msisage pilipili mbichi mkajipaka. Krimu ina asilimia 0.025 au 0.075 ya hiyo dawa, imepimwa. Pilipili ya jikoni haijapimwa na inaweza kubabua ngozi.

Ambaye vipele vya mkanda wa jeshi vimeanza leo, asikae kusoma uzi. Dawa za virusi zinafaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Mimi nilikwenda siku ya 6.

---

Nahodha77

Samahanini, mimi nina swali la hasira kidogo. Vipimo vyangu vyote viko safi. Picha ya mgongo, damu, kila kitu. Mmoja akaniambia niende kwa mwanasaikolojia. Ina maana najitungia? Miaka 4 ninaumwa halafu ninaambiwa ni mawazo? Mazoezi mnayosema ni ya watu wenye maumivu ya kujitungia?

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Kaka, hujitungii. Nakuandikia hili kwa moyo wote kwa sababu na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikatoka nimefunga mlango kwa nguvu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Moyo wake unaenda mbio kweli, jasho linamtoka kweli, na nyoka hayupo. Uti wa mgongo na ubongo vinafanya vivyo hivyo. Vikipokea habari za maumivu mwezi baada ya mwezi, vinajifunza kushtuka mapema. Mguso mdogo unapokelewa kama pigo. Jeraha la kwanza linaweza kuwa limepona na kipimo kisione kitu, lakini mfumo mzima wa neva umebaki macho. Maumivu hayo ni ya mwilini, yana njia zake, na yanatibika kwa kuufundisha mfumo huo kwamba ung'ongo ni ung'ongo.

Ndiyo sababu tiba za taratibu zinafanya kazi kwa maumivu sugu kuliko zile za nguvu. Kukandwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke ni kumrushia ung'ongo mtu yule yule. Kuguswa kwa upole, joto la wastani, mwendo mfupi unaorudiwa kila siku, pumzi ndefu, vyote vinabeba ujumbe mmoja: hapa pako salama.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba habari za mguso zinaweza kuzibana habari za maumivu zisipite. Umejigonga kiwiko, mkono wenyewe unakimbilia kupasugua, hakuna aliyekufundisha. Zile mashine ndogo za umeme wa ngozini zilitengenezwa kwa wazo hilo. Mimi ninayo, inanisaidia dakika 30 hadi saa nzima, wengine hawasikii tofauti. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asiiguse bila daktari wake.

Kuhusu mwanasaikolojia, mimi nilikuja kwenda. Hakuniambia najitungia. Alinisaidia kuacha kuogopa kuinama.

---

Nahodha77

Nimekusoma. Sijakubali yote lakini hilo la kuogopa kuinama ni langu kabisa.

---

Shuwari

Nauliza kwa niaba ya mume wangu. Kiuno na mguu vinamuuma, usiku hapati usingizi. Ameandikiwa amitriptilini, akasoma karatasi akakuta ni dawa ya sonona, ameiweka kabatini hataki kuiona. Anasema anadhaniwa ana wazimu.

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Mwambie shemeji kwamba dawa hiyo kwa maumivu ya neva hutolewa kwa dozi ndogo kuliko ya sonona, mara nyingi usiku, kwa sababu inatuliza njia za maumivu na inaleta usingizi. Vidonge vya kawaida kama parasetamoli na ibuprofeni mara nyingi haviigusi neva, ndiyo maana mtu anazidisha vidonge mpaka anaharibu tumbo na figo bila nafuu. Zipo pia gabapentini, pregabalini na duloksetini. Zote zinaanzwa kidogo kidogo na haziachwi ghafla, na pombe haichanganywi nazo. Arudi kwa aliyemwandikia, amweleze kwamba ana hofu. Asiteseke na kabati.

Usingizi ni nusu ya tiba, na ninaliandika hili nikiwa nimeujua ukosefu wake. Usiku mbovu mmoja, kesho yake kila kitu kinauma zaidi. Alale ubavu, mto kati ya magoti, uwe mnene kiasi cha kuzuia goti la juu lisianguke mbele na kuvuta kiuno. Akilala chali, mto uende chini ya magoti. Akikaa nusu saa macho wazi, ainuke, akae mahali pengine taa ikiwa hafifu, arudi usingizi ukimjia. Kitanda kisigeuke mahali pa kupigania.

Na pumzi. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, hiyo inakupa pumzi 6 kwa dakika. Dakika 10. Mkono mmoja tumboni, tumbo ndilo lipande, kifua kitulie. Wiki ya kwanza niliona ni upuuzi. Sasa ndiyo kitu cha kwanza ninachofanya mguu ukianza kupiga umeme, hata nikiwa nimesimama kwenye foleni, hakuna anayejua.

Na wewe Shuwari, unalala? Anayemuuguza mtu wa maumivu sugu anakesha naye. Usijisahau.

---

Jabali

Wakuu, kuna unga wa mitishamba naletewa na jamaa. Kijiko kimoja, ndani ya saa moja maumivu yote kwisha, natembea kama kijana. Miezi 5 sasa. Kwa nini mnahangaika na mipira ya tenisi?

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Kaka Jabali, naomba unijibu maswali haya kwa dhati. Uso umejaa kuliko zamani? Tumbo limeongezeka huku mikono na miguu ikikonda? Ukijigonga kidogo unapata alama nyeusi? Presha au sukari imepanda?

---

Jabali

Uso ndiyo. Watu wanasema nimenenepa, nimependeza. Presha ilipanda mwezi jana, nikajua ni umri.

---

Tiba Mwendo

Nimeshaona wagonjwa wa namna hii, naomba niingilie. Mmea unaomaliza maumivu ya miaka ndani ya saa moja unatakiwa utiliwe shaka. Katika nchi nyingi wakaguzi wa dawa wamekuta unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vikiwa vimechanganywa kwa siri na steroidi, yaani dawa kali za jamii ya homoni, kama deksamethasoni, au na dawa ya maumivu ya diklofenaki. Uso kujaa na presha kupanda vinaendana na steroidi.

Sasa soma hapa kwa makini: USIACHE GHAFLA. Kama ni steroidi, tezi zako zinazotengeneza homoni hiyo zimeshalala, na ukikata mara moja unaweza kuzimia au kupoteza maisha. Chukua kopo lenyewe, nenda nalo hospitali leo au kesho, waeleze umetumia miezi 5. Watapanga namna ya kukushusha.

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Jabali, tafadhali nenda. Utuambie ukirudi.

Wengine wameniandikia pembeni kuuliza manjano na tangawizi. Kama viungo, endeleeni, havina ubaya. Kama dawa ya neva, msitegemee makubwa, kwa sababu kiini cha manjano kinafyonzwa kidogo sana tumboni. Vidonge vyake vilivyokolezwa visichanganywe na dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini bila daktari kujua. Dawa za kuchua zenye mentoli zinaleta ubaridi unaoishughulisha ngozi, ni msaada wa muda mfupi, na hauna gharama kwa mwili ilimradi hupaki kwenye kidonda wala huweki chupa ya moto juu yake.

Kuchua kwa mkono ndiko ninakokupenda. Mafuta yoyote yasiyokuwasha, mkono mzito bila ubabe, kuelekea moyoni, dakika 10. Ila shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, LISICHULIWE. Linaweza kuwa na damu iliyoganda, na ikisafiri mpaka mapafuni inaua. Hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Na haya pia si ya nyumbani: ganzi sehemu ya kukalia tandiko, kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, choo vivyo hivyo, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Ukiwa na kiuno kibovu na ukaona mojawapo ya hayo, ni usiku huo huo, hata saa 8 usiku. Neva za chini zikibanwa hivyo, kila saa ina thamani. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili na mdomo kwenda upande ni kiharusi, nao hausubiri. Maumivu yanayokuja na homa au kukonda bila sababu, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, yachunguzwe kwanza kabla ya kukandwa na mtu yeyote.

---

Kalamu Nyekundu

Swali dogo mtoa mada, neva iliyoharibika inaota tena?

---

Tiba Mwendo

Nijibu mimi. Za mikononi na miguuni zinaweza, kama chanzo kimeondolewa na njia yake haikukatika vibaya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku. Pima kutoka kiunoni mpaka kidole cha mguu uone ni miezi mingapi. Nawaambia wagonjwa wangu hesabu hiyo mapema, ili wiki ya 3 wasije kuniambia mazoezi hayafanyi kazi.

---

Jabali

Nimerudi. Wamenilaza siku 2, wakanipa steroidi ya hospitali kwa kipimo, nitapunguziwa kidogo kidogo kwa miezi. Sukari pia imepanda. Maumivu yamerudi na nilikuwa nimeyasahau yalivyo. Nimeanza dakika 4 za kutembea. Tiba Mwendo, nikipata nafasi nitakuuliza kuhusu huo mpira.

---

Mama Wawili

Wiki ya 5 tangu niandike hapa. Nilipimwa kwa ule uzi wa nailoni. Mguu wa kulia sehemu 3 sikusema "ndiyo", nilidhani hajaanza. B12 ilikuwa chini, nimeanza sindano. Nimepewa na dawa ya usiku, kuwaka kumepungua kiasi cha kulala kwa muda wa saa 5. Beseni nimempa jirani anafulia. Natembea dakika 8 asubuhi.

---

Mwana Asubuhi (mtoa mada)

Dada yangu, umenifurahisha mno. Swali moja: kabla ya kuvaa viatu, unaingiza mkono ndani kukagua?

---

Mama Wawili

Hapana, hilo sijawahi. Ngoja nikaangalie.

---

Mama Wawili

Kiatu cha kulia kina kokoto. Nimetoka kutembea nacho sasa hivi.